Vita Ndani ya Santuri: PJ Harvey, Uingereza na Wapagazi Wasio na Majina

Jumapili ya tarehe 18 Aprili 2010, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu wa Uingereza, mwanamuziki Polly Jean Harvey alisimama katika studio ya televisheni ya BBC akiwa amekumbatia otohapu, ala ya nyuzi iliyo kama kinubi kidogo. Mgeni mkuu wa kipindi hicho cha siasa alikuwa Waziri Mkuu, Gordon Brown. Wakati huo maelfu ya askari wa Uingereza walikuwa vitani Afghanistan. Harvey akaimba wimbo ambao ulikuwa haujatolewa bado, wimbo ambao jina lake tu laitaka nchi yake itikisike. Hakupaza sauti wala hakumnyoshea mgeni kidole. Aliimba, akamaliza, na kipindi kikaendelea.

Miezi kumi baadaye, Februari 2011, wimbo huo ulifungua albamu yake iitwayo Let England Shake. Wasomaji wangu wamezoea kunisoma nikijadili katiba, bajeti na mitaala, hivyo huenda wakashangaa kuniona leo nimekaa na santuri za mwanamke wa roki kutoka kijiji cha Uingereza. Naomba mnivumilie. Mimi ni mwalimu wa historia, na swali linalonisumbua ni la historia: nani ana haki ya kuwasemea wafu, na ni kwa masharti gani? Rekodi za Harvey, kuanzia mwaka 1992 hadi 2023, zimelijibu swali hilo hatua kwa hatua, pamoja na makosa yake. Na jibu lake linatuhusu sisi wa Afrika Mashariki kuliko yeye mwenyewe alivyokusudia.

Harvey alizaliwa mwaka 1969 katika mkoa wa Dorset, kusini-magharibi mwa Uingereza, akakulia shambani. Wazazi wake walikuwa watu wa kazi ya mawe, na nyumba yao ilijaa santuri za bluzi za Wamarekani Weusi. Albamu yake ya kwanza, Dry, ilitoka mwaka 1992. Ya pili, Rid of Me, ilitoka mwaka uliofuata, ikiwa imerekodiwa Minnesota, Marekani, na fundi Steve Albini. Hizi ni santuri za gitaa, ngoma na sauti iliyo wazi kama kidonda. Mojawapo ya nyimbo za albamu ya kwanza imechukua jina la sanamu za mawe za wanawake zinazoonekana katika makanisa ya kale ya Ireland na Uingereza. Binti wa watu wa mawe alijua tangu mapema kwamba jiwe nalo ni hati ya historia.

Jambo moja lilijitokeza mapema, nalo ni la msingi kwa hoja yangu. Wasikilizaji na wahakiki wengi waliamini kwamba kila neno aliloimba Harvey lilikuwa habari zake binafsi. Katika albamu ya mwaka 1995, To Bring You My Love, umo wimbo wa mama aliyemtosa bintiye mtoni, na Harvey, ambaye hakuwa na mtoto, ililazimu afafanue kwamba huo ni utunzi. Sisi tuliosomeshwa ushairi wa Kiswahili tunalo neno la kutuondolea utata huo: nafsineni. Anayesema ndani ya shairi si lazima awe mtunzi. Shaaban Robert alipowapa sauti wahusika wake, hakuna aliyemtaka alete vyeti vyao vya kuzaliwa. Mwaka 1998, katika Is This Desire?, Harvey aliachana kwa kiasi kikubwa na lile “mimi” lililomponza, akaimba juu ya wanawake mbalimbali aliowapa majina na visa vyao. Alikuwa anajifunza kazi ya msimulizi, yaani kusimama kando na kuacha wengine waonekane.

Kisha historia yenyewe ikamgongea mlango. Mwaka 2000 alitoa Stories from the City, Stories from the Sea, albamu iliyochota mengi katika maisha ya New York. Albamu hiyo ilishinda Tuzo ya Mercury, tuzo kubwa ya albamu nchini Uingereza, na matokeo yalitangazwa tarehe 11 Septemba 2001. Siku hiyo Harvey alikuwa ziarani Washington. Asubuhi ile ile jengo la Pentagon, ng’ambo ya mto, lilikuwa limeshambuliwa. Alitoa shukrani zake kwa simu. Sitaki kumbebesha msanii tafsiri ambayo hakuitoa mwenyewe, lakini mpangilio wa miaka ni ushahidi wa kutosha: vita vilivyozaliwa na siku hiyo, Afghanistan kisha Iraq, ndivyo vilivyokuja kuwa kiini cha kazi yake kubwa kuliko zote, miaka kumi baadaye.

Kabla ya kufika huko alibadili chombo. Mwaka 2007, katika White Chalk, aliliweka gitaa kando akakaa kwenye piano, ala ambayo hakuwa bingwa wake, akaimba kwa sauti nyembamba ya juu, kama ya mtoto au ya mzuka. Wengi waliompenda kwa ukali wake walistaajabu. Nadhani ndipo alipoipata sauti ya kubebea habari za mauti. Anayepiga kelele juu ya maiti hujisikiliza mwenyewe; anayesema kwa upole huwaacha wengine wasikilize.

Let England Shake ilirekodiwa Aprili na Mei 2010, kwa wiki tano hivi, katika kanisa lililo juu ya kilima huko Eype, Dorset, pamoja na wenzake John Parish, Mick Harvey na mpiga ngoma Jean-Marc Butty, na mtayarishaji aitwaye Flood. Kilichonivutia zaidi ni kazi iliyotangulia kanisa hilo. Harvey alianza na maneno, si tuni. Kwa zaidi ya miaka miwili alisoma habari za vita, hasa ushuhuda wa watu waliokuwapo: askari na raia, wa zamani na wa leo. Kwa lugha ya idara yetu, alikwenda kwenye vyanzo. Ndiyo maana nyimbo zake haziwi hotuba. Zinaeleza kilichoonekana, yaani mwili uliotawanyika, mti, udongo na rafiki aliyeingia gizani asirudi.

Uwanja mkuu wa albamu hiyo ni Gallipoli. Kwa wasiokumbuka: tarehe 25 Aprili 1915 majeshi ya Uingereza na Ufaransa, pamoja na Waaustralia na Wanyuzilandi, yalitua katika rasi hiyo ya Uturuki yakitaka kuufungua mlango-bahari wa Dardanelles na kuifikia Istanbul. Walikwama kwenye miteremko na mahandaki kwa miezi minane. Januari 1916 mabaki yao yaliondoka bila kupata kitu. Waliokufa wa pande zote mbili walizidi laki moja. Kwa Australia na Nyuzilandi, Gallipoli imekuwa hekaya ya kuzaliwa kwa taifa. Kwa Waturuki, mlango wa kuingilia enzi ya Mustafa Kemal. Kwa Uingereza ni doa ambalo husafishwa kwa neno “ushujaa”. Harvey hakulisafisha. Katika wimbo On Battleship Hill anarudi kwenye kilima kile miaka themanini na zaidi baada ya vita na kukuta mimea inanukia na ardhi ingali na makovu.

Angalia jinsi alivyopanga sauti. Katika The Glorious Land, tarumbeta la kijeshi linaingia katikati ya wimbo bila kufuata mapigo yake, likilia kama mtu aliyekosea mlango. Katika wimbo uitwao England, chini ya maombolezo yake juu ya nchi aipendayo, inasikika rekodi ya kale ya mwimbaji wa Kikurdi, Said el Kurdi. Katika Written on the Forehead, unaochora watu wakikimbia mji unaoungua, imepandikizwa sauti ya rege ya Jamaika. Himaya nzima imo ndani ya santuri hiyo, ikinong’ona chini ya sauti ya Mwingereza. Na The Words That Maketh Murder unamalizika kwa kuazima kipande cha wimbo wa vijana wa Kimarekani wa mwaka 1958 na kuuliza, nusu kwa mzaha, kama shauri hili lipelekwe Umoja wa Mataifa. Sijaona hukumu fupi kuliko hiyo juu ya mwaka 2003.

Albamu hiyo ilimpa Mercury ya pili. Alikuwa msanii wa kwanza kuipata mara mbili. Na iliheshimiwa, naamini, kwa sababu moja kuu: aliiweka nchi yake kizimbani bila kujitoa yeye mwenyewe. Nyimbo hizo hazisemi “wao wameua”. Zinasema “sisi”. Hilo ndilo sharti la kwanza la kuwasemea wafu: anza na wale ambao damu yao imo mikononi mwa watu wako.

Hata hivyo, mwanahistoria hawezi kusikiliza bila kutazama ramani. Nilipoisikia albamu hiyo mara ya kwanza, nikiwa masomoni ughaibuni, nilijikuta nikiyahesabu majina ya mahali, na baada ya siku kadhaa nikagundua nilichokuwa nikikitafuta. Nilikuwa nikitutafuta sisi.

Vita hivyo hivyo vilipiganwa hapa. Novemba 1914 Waingereza walishindwa vibaya Tanga. Machi 1916, miezi miwili tu baada ya kuondoka Gallipoli, jeshi la Jenerali Smuts lilianza kusonga kutoka Kilimanjaro. Septemba mwaka huo Dar es Salaam ilianguka. Jenerali von Lettow-Vorbeck hakusalimu amri hadi tarehe 25 Novemba 1918, huko Abercorn, ambako leo ni Mbala, Zambia, wiki mbili baada ya bunduki za Ulaya kunyamaza. Na kwa kuwa mbung’o waliua farasi na nyumbu, vita hivyo vilibebwa kichwani na mabegani. Wanahistoria hukadiria kwamba upande wa Waingereza peke yake ulitumia Waafrika wapatao milioni moja kuwa wapagazi, na kwamba waliokufa miongoni mwao, hasa kwa maradhi, njaa na uchovu, walikuwa kiasi cha 95,000, pengine zaidi. Wajerumani nao walichukua watu na chakula vijijini bila kuuliza. Njaa iliyofuata Ugogo, wenyewe waliipa jina: Mtunya.

Wafu hawa waliandikwa wapi? Tume ya makaburi ya vita ya himaya ya Uingereza iliundwa mwaka 1917 kwa msingi wa usawa: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina, bila kujali cheo. Kwa Afrika Mashariki msingi huo uliwekwa kando. Badala ya majina tukapewa sanamu. Ile ya Askari, katikati ya Dar es Salaam, iliwekwa mwaka 1927 mahali palipokuwa pamesimama sanamu ya gavana wa Kijerumani, Wissmann. Ni sanamu nzuri, ina maandishi kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, na haina jina la mtu hata mmoja. Aprili 2021 tume hiyo, ambayo sasa ni ya Jumuiya ya Madola, ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda kufikia 350,000, wengi wao wakiwa Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza, Ben Wallace, aliomba radhi bungeni. Ilikuwa imepita miaka mia na miwili na miezi tangu Abercorn.

Je, nimlaumu Harvey kwa kutowaimba? Zamani nilielekea huko. Albamu yake iliyofuata ndiyo iliyonibadilisha mawazo.

Baada ya 2011 Harvey alisafiri na mpigapicha Seamus Murphy kwenda Kosovo, Afghanistan na Washington. Safari hizo zilizaa kitabu mwaka 2015 na albamu mwaka 2016, The Hope Six Demolition Project, iliyorekodiwa katika jumba la Somerset House, London, ndani ya chumba cha vioo ambamo watazamaji waliwaona wanamuziki nao wanamuziki hawakuwaona watazamaji. Albamu hiyo ilishika nafasi ya kwanza katika chati ya Uingereza, jambo ambalo hakuna albamu yake iliyolipata kabla. Lakini wimbo wake wa kwanza, The Community of Hope, uliichora sehemu maskini ya mashariki ya Washington kwa mistari michache ya mtu apitaye garini. Ndivyo ilivyokuwa kweli: mwandishi wa gazeti aliwaendesha mitaani na kuwaonyesha, na maneno aliyoyasema njiani yakaingia katika wimbo. Wenyeji walikasirika. Wanasiasa wa mji huo, akiwamo meya wa zamani Vincent Gray, waliushutumu, na shirika la misaada lenye jina hilo hilo likalalamika kwamba mtaa umeonyeshwa kama jaa, bila watu wake na jitihada zao.

Mwimbaji ni yule yule, mshirika wake John Parish ni yule yule, huruma ni ile ile. Kilichobadilika ni mahali aliposimama. Gallipoli alikuwa mtoto wa nyumba akifukua kosa la baba zake, tena akiwa na ushuhuda wa waliokuwapo. Washington alikuwa mgeni aliyeona kwa macho yake mwenyewe na kuamini kwamba kuona kunatosha. Wahenga walisema mgeni aje mwenyeji apone. Mgeni akija, akaandika na kuondoka, mwenyeji hubaki akijitafuta ndani ya maandishi na asijione. Kioo kile cha Somerset House kilikuwa ishara mbaya kuliko alivyodhani: mmoja anaona, mwingine anaonwa, hakuna wanaotazamana.

Sasa fikiria, msomaji, kama Harvey angeshuka Dar es Salaam au Voi kwa siku kumi na kutuimbia wapagazi. Tungepata wimbo mzuri, huenda na tuzo, na mpagazi angebaki kivuli ndani yake. Ningekuwa wa kwanza kulalamika.

Inaonekana yeye mwenyewe alipata somo. Mwaka 2022 alichapisha Orlam, utenzi mrefu alioutunga kwa lahaja ya Dorset, lahaja iliyobaki zaidi katika vitabu na kumbukumbu za wazee, na kuuwekea tafsiri ya Kiingereza sanifu katika ukurasa wa pili. Mwaka 2023 utenzi huo ukazaa albamu, I Inside the Old Year Dying. Mtu aliyekuwa ameizunguka dunia na vita vyake alirudi kwenye kijiji, msitu na maneno ya mababu. Wapo waliosema amejificha. Mimi naona amerudi kwenye sharti lake la mwanzo: sema kutoka pale ambapo lugha yenyewe inakuwajibisha.

Hapo ndipo deni linapotugeukia. Sisi hatukuwa bubu. Ngoma ya beni, iliyoanzia pwani ikiiga bendi za kijeshi kwa tarumbeta na sare, ilisambaa bara hasa kwa miguu ya askari na wapagazi wa vita hivyo. Marini na Arinoti zilishindana toka Lamu hadi Nyasaland. Vijana waliorudi wakiwa hai waliligeuza tarumbeta lililowaswaga vitani kuwa chombo cha kuchezea, kukejelia na kuzikania. Mfikirie Harvey na lile tarumbeta lake lisilofuata mapigo. Mababu zetu walilipuliza miaka tisini kabla yake. Lakini nyimbo zile zilikufa na waimbaji, isipokuwa chache zilizoangukia madaftari ya maofisa na watafiti. Yeye ana rekodi. Sisi tuna uvumi.

Kila mwaka huwauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza asili ya jina Kariakoo. Wachache hujua kwamba ni matamshi yetu ya jina la kikosi cha wapagazi wa Kiingereza, waliopiga kambi hapo baada ya mji kutekwa mwaka 1916. Wengi wamenunua viatu, simu na samaki hapo maisha yao yote. Silaumu. Nani aliwaimbia?

Mwaka jana niliwapa zoezi: rudini nyumbani, ulizeni kama yupo katika ukoo aliyechukuliwa “kariakoo” na hakurudi, leteni jina. Darasa lilikuwa la watu zaidi ya mia. Yalirudi majina manne. Mawili yalitoka kwa bibi mmoja wa Ugogo, ambaye alimwimbia mjukuu wake na beti mbili alizorithi kwa mama yake. Kijana hakuwa na cha kurekodia. Simu ilikuwa imeisha chaji. Alipopiga baada ya mapumziko ili azirekodi, aliambiwa bibi anaumwa na hawezi tena kuimba.

Majina hayo manne ninayo katika daftari. Beti mbili sinazo. Kama wewe unaye bibi wa aina hiyo, usingoje tume, wala usingoje mgeni mwenye otohapu. Chaji simu, uende.